Chale Tatu Chini ya Hadubini

Mizani, mashine yetu ya kusoma ngozi, ilichukua sekunde nne kumhukumu Ahimidiwe Mgaya, mtoto wa miaka miwili na miezi mitatu, na sekunde hizo zote mimi nilikuwa natafuta miwani ambayo ilikuwa kichwani pangu. Nilipoipata, skrini ilishaandika: melanoma, uhakika asilimia tisini na tisa nukta mbili. Chini yake, kwa herufi ndogo, mashine ilishapanga na miadi. Ufutio, Alhamisi, saa nne asubuhi. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Naitwa Eliwaza Mbwambo. Ni daktari wa kusoma ngozi, Mpare wa Usangi niliyehamia Njombe kwa sababu ya kazi na kubaki kwa sababu ya baridi. Kazi yangu kwa miaka kumi na minne imekuwa kukubaliana na mashine. Sheria inataka jicho la mtu litazame kipande cha ngozi cha kila mgonjwa kabla hajapewa dawa, na jicho la kituo chetu ni langu. Mizani inasoma, mimi nachungulia, naweka sahihi, nakwenda kunywa chai. Wenzangu waliostaafu walinitania kwamba nimekuwa muhuri wenye miguu. Sikukasirika, maana Mizani haikuwa imekosea hata mara moja, kwa kadiri tulivyojua.

Niliiweka slaidi ya mtoto kwenye hadubini nikiwa na nia ya kumaliza kabla chai haijapoa.

Baka la kuzaliwa lina tabia yake, nami nimeipenda tangu nikiwa mwanafunzi. Seli zake za rangi hushuka ndani ya ngozi zikifuata mashina ya nywele na vijifereji vya jasho, na kadiri zinavyoshuka ndivyo zinavyozidi kuwa ndogo na tulivu, kama watu wanaozeeka vizuri. Melanoma haizeeki. Seli zake za chini ni kubwa na zenye fujo sawasawa na za juu, zinagawanyika hukohuko kilindini, na nyingine hupanda hadi ngozi ya nje moja moja, kama ng'ombe waliovunja zizi. Ukishaona hivyo mara mia huwezi kusahau.

Kwa Ahimidiwe, ng'ombe walikuwa wamevunja zizi kweli. Juu kulikuwa na vurugu tupu. Ila vurugu ile ilikuwa na mipaka: ilianza mahali pamoja na kuishia mahali pamoja, kana kwamba mtu ameipimia rula. Chini yake palikuwa na utepe wa kovu. Chini ya kovu nikakuta seli ndogo, zimetulia, zimejipanga kando ya mashina ya nywele kama inavyotakiwa, na hakuna hata moja iliyokuwa ikigawanyika. Juu fujo, chini amani, katikati kovu. Na ndani ya lile kovu kulikuwa na punje nyeusi, kubwa na nyeusi kuliko rangi yoyote ambayo mwili wa binadamu hutengeneza.

Chai ilipoa.

Vitabu vya zamani, vile tulivyosoma kabla ya Mizani, vilifundisha kwamba baka lililojeruhiwa, linapoota upya juu ya kovu lake, hufanya vurugu ya miezi kadhaa halafu hutulia. Ukilitazama katika miezi hiyo litakudanganya. Lakini fomu ya mtoto ilikuwa na swali la saba: je, baka limewahi kukatwa, kuchomwa au kuguswa kwa namna yoyote? Mama yake alijibu hapana na kusaini. Mizani ilimwamini. Kovu ambalo halikutokana na jeraha, kwa hesabu zake, ni alama kwamba mwili umepigana na saratani, na hilo likaongeza uhakika badala ya kuupunguza.

Nilimwita Kastori.

Kastori Ngailo ndiye fundi mkuu wa maabara yetu, mwanamume wa miaka thelathini na minne, mrefu, mwenye nywele nyeupe, kope nyeupe na vifaa viwili vya kusikia nyuma ya masikio. Yeye alipewa Ufutio akiwa na miaka ishirini, mwaka uleule Mizani ilipofungwa kituoni. Alikuwa na baka kwenye shavu la mguu, likasomwa melanoma, akachomwa sindano moja tu. Sindano ile hutafuta kila seli ya rangi mwilini na kuiua, popote ilipo, na saratani ya rangi haina tena pa kujificha. Anayeipata hafi kwa melanoma. Hilo ni kweli na si jambo dogo.

Lakini seli za rangi hazikai kwenye ngozi peke yake. Zimo kwenye nywele na machoni, na zimo ndani kabisa ya sikio, ambako zinafanya kazi tusiyoikumbuka mpaka ikome. Mtu mzima hupoteza usikivu wake polepole, mwaka hadi mwaka. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu hupoteza wote ndani ya wiki mbili. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wazazi wakiogopa, tulimtuma Kastori akazungumze nao. Aliwaonyesha kofia yake pana na mafuta ya ngozi, akawaambia kuwa weupe unazoeleka na kwamba marafiki zake wenye ualbino walimfundisha kulikwepa jua bila kujifungia ndani. Mwisho aliwaambia neno moja: nipo hai. Hakuwaambia kwamba alikuwa mwalimu wa kwaya na kwamba siku hizi akienda kanisani huweka kiganja kwenye benchi ili asikie besi kwa mkono. Hilo aliniambia mimi, mara moja.

Nilimwomba aichukue slaidi nyingine ya mtoto na kuipitisha kwenye dawa ya kufifisha rangi. Rangi ya mwili huoga kwenye dawa ile ikatoka yote. Kitu kilichotoka nje ya mwili hubaki. Hatukuwa tumefanya kipimo hicho kwa miaka, na ilibidi atafute chupa nyuma ya kabati. Hakuniuliza sababu.

Saa kumi alinirudishia slaidi. Rangi yote ilikuwa imekwenda, ngozi imebaki kama karatasi, na punje nyeusi zilikuwa palepale. Zilikuwa zimejipanga mafungu matatu, nafasi sawa kwa sawa.

Sikuhitaji kitabu. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kifua changu, chini ya kola. Punje zile zilikuwa masizi. Mtoto alichanjwa chale.

Nilipoinua kichwa Kastori alikuwa bado amesimama. Alitaka kuchungulia. Nilimpisha, akatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, halafu akavua vifaa vyake vya kusikia, kimoja baada ya kingine, na kuvitia mfukoni. Tuliofanya naye kazi tunajua akivivua hataki maneno. Aliondoka bila kuaga.

*

Jumatano asubuhi niliwakuta kwenye benchi la wodi: mtoto, mama yake Skolastika, na bibi yake mzaa mama, aliyeitwa Agnesta. Skolastika alikuwa na macho mekundu na alijibu kila swali langu haraka mno, kama mtu anayeogopa kuwa jibu la kuchelewa litamponza mwanawe. Baka? Alizaliwa nalo. Kuguswa? Hapana, dokta, nimekataza kabisa. Nilimwamini. Hakujua kitu. Nilimwomba aende jikoni akamchukulie mtoto uji, na alipoondoka nikakaa kwenye nafasi yake.

Nilimwamkia bibi shikamoo, akaitikia marahaba huku akitazama ukutani. Ahimidiwe alikuwa chini ya benchi akiimba wimbo wa maneno mawili.

Sheria ya ngozi ya watoto ni kali. Anayemchanja mtoto hupelekwa mbele ya hakimu, na mabango yenye picha ya wembe yapo kila ukuta wa kituo chetu, pamoja na huo aliokuwa akiutazama. Mabango hayo nami niliyapitisha. Kwa hiyo sikuuliza. Nilifungua vifungo viwili vya blauzi na kumwonyesha kifua changu.

Nilimwambia kwamba bibi yangu wa Usangi alinichanja nikiwa na miaka minne kwa sababu ya kikohozi, tatu kulia na tatu kushoto, na kwamba nililia mpaka jirani akaja. Alizitazama chale zangu kwa makini, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwingine.

"Huyo alikuwa na mkono mwepesi," alisema.

Ndipo nikamweleza. Nilisema kesho saa nne mjukuu wake atachomwa dawa ya ugonjwa ambao, kwa jinsi ninavyoona mimi, hana. Nilisema dawa hiyo itamchukua masikio yote mawili, na kwa kuwa bado hajajifunza kusema, maneno tunayoyasema sisi hayatamfikia. Nilisema pia ukweli mwingine, kwamba naweza kuwa nimekosea, na nikikosea mtoto atakufa, kwa hiyo sitaki kubahatisha. Nataka kujua lile kovu limetoka wapi.

Mtoto chini ya benchi aliendelea kuimba.

"Lilikuwa linakua," alisema Bibi Agnesta. "Mtoto akikua na lenyewe linakua, na nywele zinaota juu yake. Nikasema nilizuie, lisije likamfunika mgongo wote. Mama yake alikuwa ameenda kuchuma parachichi kwenye mashamba, mwezi wa pili. Alikuwa amenikataza, usidhani hakunikataza. Nilinunua wembe mpya dukani, mwanangu, nikauchemsha. Nikachanja tatu, nikapaka masizi ya dawa yetu."

Mwezi wa pili. Kipande cha ngozi kilikatwa mwezi wa sita. Miezi minne ni muda ambao baka lililojeruhiwa hufanya fujo zake kwa nguvu zote.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi ninapenda kuwasomea wagonjwa methali hiyo. Siku hiyo sikuisema. Mwanamke yule alikuwa amefunika uso kwa ncha ya khanga.

"Kwa hiyo ni mimi niliyempa mtoto saratani?"

"Hapana, mama. Wewe ulimpa kovu. Walioliita saratani ni sisi."

Skolastika alikuwa amesimama nyuma yetu na kikombe cha uji. Sijui alisikia kuanzia wapi, lakini alikuwa amesikia ya kutosha. Nilidhani atapiga kelele. Alikaa chini sakafuni, palepale, akamvuta mwanawe kutoka chini ya benchi na kumpakata, akamwambia mama yake bila kumtazama kwamba watazungumza nyumbani. Mtoto alishika kikombe kwa mikono yote miwili.

*

Hapo ndipo ningepaswa kwenda moja kwa moja kuandika pingamizi. Badala yake nilikwenda ofisini na kufunga mlango.

Njia ya kimya ilikuwepo. Ningeweza kuandika kwamba kipande kimeharibika. Miadi ya Alhamisi ingefutwa, daktari wa upasuaji angelitoa baka lote kwa kisu, ningelisoma mwenyewe na kusema ni jema. Mtoto angepona, bibi asingesimama mbele ya mtu, nami mwezi wa kumi na mbili ningestaafu kwa keki na risala.

Njia ya wazi ilikuwa kuandika sababu. Chale, masizi, kovu, fujo ya muda. Lakini kanuni ya Mizani ni moja: sababu ya pingamizi ikikubaliwa, hukumu zote zilizopita zenye alama hiyo hufunguliwa upya, na wenyewe huarifiwa. Niliita orodha. Hukumu za melanoma zenye kovu lisilo na jeraha, watu wa kituo chetu peke yake, walikuwa mia mbili na kumi na wawili. Wangapi kati yao walichanjwa, sikujua. Wote walikuwa na sahihi yangu.

Wengine wao nawafahamu. Kuna mama anayeniletea viazi kila mwaka siku aliyochomwa sindano, anaiita siku yake ya pili ya kuzaliwa. Nilijiuliza nina haki gani ya kumwendea na kumwambia kwamba sikukuu yake huenda ilikuwa siku ya kuumizwa bure. Hakuna ninachoweza kumrudishia. Anaamini aliokolewa na anaishi vizuri kwa imani hiyo. Nilijisemea kuwa nawahurumia wao. Sehemu kubwa ya huruma ile ilikuwa yangu mwenyewe, na hilo nililijua hata wakati ule.

Upande wa pili walikuwa watoto ambao bado hawajaletwa. Milima hii ina bibi wengi na nyembe nyingi, na mimi naondoka Desemba.

Mlango uligongwa mara moja na kufunguliwa. Kastori hakungoja niitikie, maana asingesikia. Alikuwa hajavaa vifaa vyake. Mkononi alikuwa na sinia dogo lenye slaidi mbili.

Alikwenda kwenye hadubini ya kufundishia, ile yenye macho pande mbili, akaweka slaidi ya kwanza na kunipungia mkono nisogee. Ilikuwa ya Ahimidiwe, niliijua. Kisha akaitoa na kuweka ya pili. Karatasi yake ilikuwa imepauka kwa uzee, na nikasoma mwaka kabla sijasoma jina.

"Nimeitoa stoo jana," alisema, kwa ile sauti yake ya juu kidogo ya mtu asiyejisikia anaposema. "Usiku nikashindwa kulala, asubuhi nikaipitisha kwenye dawa. Babu alinichanja mguuni kabla sijaenda jeshini. Swali la saba niliandika hapana. Nilikuwa na aibu, Dokta. Mtu umemaliza kidato cha sita utaandikaje kwamba umepakwa masizi?"

Tulitazama pamoja, yeye upande wake na mimi upande wangu. Rangi ilikuwa imekwenda yote, na punje nyeusi zilikuwa palepale. Mafungu matatu. Nilizungusha kitufe taratibu, nikashuka chini ya kovu, nikatafuta seli moja kubwa, seli moja inayogawanyika, kitu chochote cha kunitetea. Nilitafuta hadi mwisho wa kioo. Seli zilikuwa ndogo na tulivu, zimejipanga kando ya mashina ya nywele za kijana wa miaka ishirini.

Nililia. Sikuona sababu ya kujificha.

Kastori alitoa kifaa kimoja mfukoni, akakivaa sikio la kulia, ambalo ndilo zima zaidi, na kuinama karibu na mdomo wangu.

"Nisomee," alisema. "Kama unavyowasomea wengine. Usinihurumie."

"Baka la kuzaliwa," nilisema. "Limechanjwa, linaota upya juu ya kovu. Hakuna melanoma. Haikuwepo." Kisha nikaongeza lile ambalo halimo kwenye ripoti yoyote. "Nilisaini mimi, Kastori. Nisamehe."

Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa. Alisema kwamba kwa miaka kumi na minne kila asubuhi alikuwa anashukuru, na sasa hajui kesho asubuhi afanye nini. Alisema kuhusu msamaha nisimharakishe. Nikasema sitamharakisha. Nilimweleza njia zote mbili, ya kimya na ya wazi, maana niliona sina haki ya kuchagua bila yeye. Alisikiliza hadi mwisho, akiegemeza kichwa upande wa kulia.

"Wale mia mbili ni mimi niliyewaambia nipo hai," alisema. "Waliniamini kwa sababu ya uso wangu. Andika, Dokta. Anza na jina langu, ili wakija kuuliza wanikute mimi mlangoni."

Akakivua tena kile kifaa, akachukua sinia lake na kutoka.

Niliandika hadi jioni. Bibi Agnesta aliweka sahihi yake kwenye maelezo, kwa herufi kubwa za mtu aliyesoma elimu ya watu wazima, na kusema hakimu akimtaka anajua nyumba yake ilipo. Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa Ngailo, Kastori. Kwenye nafasi ya daktari aliyethibitisha hukumu niliandika langu, mara mia mbili na kumi na mbili, kwa mkono, ingawa mashine ilijitolea kunijazia.

*

Alhamisi saa nne asubuhi mvua ilikuwa inanyesha. Pingamizi lilikuwa limekubaliwa saa mbili, na baka la Ahimidiwe lilipangiwa kutolewa kwa kisu wiki inayofuata, kwa utulivu, kama mabaka mengine. Skolastika alikuwa dirishani anasaini karatasi za kuondoka. Yeye na mama yake walikuwa bado hawazungumzi, lakini mkoba wa bibi alikuwa ameubeba yeye.

Mtoto alikuwa katikati ya korido, ametupa mgongo, anafukuza kitu asichokiona mwingine yeyote.

Kastori alitoka maabara. Hakuwa amevaa kifaa hata kimoja, na wala hakunitazama. Alisimama hatua kama tano nyuma ya yule mtoto, na mkononi alikuwa na sinia la chuma. Alilinyanyua usawa wa kifua, akaliachia.

Kishindo kilijaa korido nzima. Bibi Agnesta alishika kifua chake, muuguzi akatoa kichwa mlangoni. Kastori hakushtuka, hata kope. Macho yake yalikuwa kwa mtoto tu, anangoja, maana yeye hakuwa na njia nyingine ya kujua kama lile sinia limelia.

Ahimidiwe aligeuka.